Nyasi Kwanza, Nafaka Baadaye

Farasi hawezi kutapika. Akishameza, amemeza, chakula kikichachuka tumboni au kikiziba utumbo, hakina njia ya kurudi. Baba yangu, aliyekuwa saisi kwenye mabanda ya farasi kando ya Barabara ya Ngong, alilijua hilo bila kufunua kitabu, na ulishaji wake wote ulisimama juu yake: nyasi kwanza, nafaka baadaye, kidogo kidogo, mara nyingi, saa zile zile. Ikifika saa kumi na moja alfajiri farasi walianza kugonga milango kwa kwato. Saisi aliyechelewa hakuhitaji nyapara wa kumkaripia.

Nazungumzia miaka ya 1970. Uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, ulikuwa bado unajaza watu Jumapili, wa kofia pana na wa viatu vya matairi, kila mmoja na tiketi yake ya kubahatisha. Nakuru, Limuru na Eldoret nako kuliwahi kuwa na viwanja vya mbio. Magazeti yaliandika jina la mwenye farasi, la mkufunzi na la mpandaji. Beryl Markham, aliyewanoa washindi wa Kenya Derby mara sita, amebaki katika historia, na anastahili. Waliokuwa wakiamka gizani kuchota maji na kuzoa mavi hawakuandikwa popote.

Huwa nasikia watu wakizisifu siku hizo kana kwamba kila kilichofanywa kilikuwa sawa. Hapana. Mambo mengine tuliyafanya vizuri kwa sababu zisizo za kweli, na mengine tukayakosea huku tukiwa na uhakika kamili.

Chukua ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaomjaza maji mapafuni hadi povu jeupe likamtoka puani. Farasi aliyelala salama aliweza kuwa mzoga kesho yake jioni. Msimu wa mvua ulipoanza, baba aliwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama, akawasha moshi wa mavi makavu upande upepo unakotoka, na hakuwatoa malishoni mpaka umande ukauke. Alisema sumu imo kwenye umande. Haimo. Mwaka 1944, huko Afrika Kusini, mtafiti R. M. du Toit alikuwa ameshaonyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu ambavyo huruka kuanzia magharibi hadi alfajiri. Baba alikuwa akiukimbia umande, kumbe anamwepusha farasi na usubi. Chanjo ilikuwepo, lakini chanjo bila banda la jioni hakuiamini, na hadi leo siwezi kumpinga.

Upande wa pili kulikuwa na uji wa pumba. Jumapili usiku, baada ya mbio, kila farasi alipewa ndoo ya pumba za ngano zilizokorogwa kwa maji moto, chumvi na molasi kidogo. Banda zima lilinukia kama duka la mikate. Nilipenda kazi hiyo kuliko zote, maana nililamba mwiko. Tuliambiwa uji unasafisha tumbo. Sasa inajulikana kwamba utumbo mpana wa farasi umejaa vijidudu vinavyomchachushia nyasi, navyo huzoea chakula kile kile. Ukimbadilishia ghafla mara moja kwa wiki, hata kwa mapenzi, unavivuruga. Isitoshe, pumba zina fosforasi nyingi mno kuliko kalisi. Farasi anayezila kila siku bila kingine cha kusawazisha huanza kuvuta kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe, uso ukavimba. Uji wetu wa Jumapili haukufikisha farasi huko, lakini haukuwa dawa tuliyodhani.

Na maji! Farasi aliyetoka mbioni akitokwa na jasho hakuruhusiwa kugusa maji baridi. Tulimtembeza kwanza, ulimi nje, tukimnywesha funda mbili tatu za vuguvugu. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki za Atlanta za 1996, ambako joto lilihofiwa, ulionyesha kwamba farasi aliyepata moto anapaswa kumwagiwa maji baridi kwa wingi, na kumwacha anywe hakumdhuru. Nikikumbuka farasi wale walivyokuwa wakinyoosha shingo kuelekea ndoo, naona aibu kwa niaba yetu sote.

Ila meno. Kwenye meno baba hakuwa na mpinzani. Jino la farasi huendelea kuchomoza miaka mingi huku likisagika, na kwa jinsi taya zake zinavyopishana, kingo huwa kali: meno ya juu upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Baba hakungoja farasi akonde. Aliangalia sakafu chini ya hori. Akikuta vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa, alijua. Alimwita farasi kwa jina, akaingiza mkono pembeni mwa mdomo, akaushika ulimi na kuuvutia kando, akapitisha tupa yenye mpini mrefu polepole, sauti ikisaga mpaka mwilini mwangu mimi niliyeshika hatamu. Unga mweupe ulimwagika na harufu ya mfupa ulioungua. Kisha akapitisha kidole kwenye kingo, kama fundi anayepima ubao aliopiga randa.

Kipimo chake cha nafaka kilikuwa mkebe wa Kimbo wa kilo 2, mdomo umekunjwa usikate mikono. Aliujaza oti kutoka Molo, akausawazisha kwa kiganja. Baadaye bei ya oti ilipopanda, mwenye farasi mmoja aliamuru wapewe mahindi, mkebe ule ule. Baba alibisha kwa adabu ya wakati ule, kofia mkononi. Mkebe wa mahindi ni mzito zaidi na una nguvu karibu maradufu ya mkebe wa oti, tena ni wanga mtupu. Ukizidi, hufika utumbo mpana haujasagwa, ukachachuka, na maradhi yakaishia kwenye kwato. Haukupita muda mrefu, jike mmoja mwekundu akawa anasimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele kaitanguliza, hataki kupiga hatua. Kwato zilikuwa za moto ukizishika. Hakukimbia tena. Aliyeambiwa hakumwangalia vizuri ni baba.

Mimi nikaishia kusomea afya ya mifugo, na bado naitwa kwenye mabanda machache yaliyobaki. Elimu imefika. Zamani dawa ya minyoo ilipitishwa kwa mpira puani hadi tumboni, farasi akipigana na watu wanne. Sasa ni bomba dogo la dawa nzito mdomoni, na tunashauri mavi yapimwe mayai ya minyoo kwanza, kwa kuwa minyoo imezoea dawa zilizotolewa ovyo. Tunajua tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana awe amekula au hajala, na mate ya kuipunguza makali huja akitafuna tu. Akiachiwa malishoni hula kama saa 16 kwa siku. Farasi wa mbio wanaofungiwa na kulishwa nafaka, wengi wana vidonda vya tumbo. Kamera za kuingizwa tumboni zilituonyesha.

Kilichopungua ni nyasi. Malisho niliyochungia farasi yamekuwa nyumba za ghorofa, na nyingine barabara. Nyasi zinakuja kwa lori katika marobota, na mvua ikikosekana bei yake inamtoa mtu jasho. Farasi wa kilo 450 anahitaji angalau kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Basi zinazopunguzwa ni hizo nyasi, na pengo linazibwa na nafaka. Wakati huo huo rafu ya stoo imejaa makopo ya unga kutoka ng'ambo: wa viungo, wa manyoya, wa kutuliza hasira. Farasi mwenye njaa ya nyasi ana kila sababu ya kuwa na hasira.

Majuzi niliitwa kumwona dume mmoja aliyestaafu mbio, sasa anabeba watoto wikendi. Alikuwa anatafuna ubao wa mlango. Hori lilikuwa tupu tangu jioni, na asubuhi hiyo alikuwa amepewa nafaka juu ya tumbo tupu. Nilimweleza kijana anayemtunza yale yale: nyasi kwanza, tena zisikosekane horini usiku kucha.

"Najua, daktari," alinijibu. "Hata wewe unajua. Mwambie bosi."

Nilimpigia bosi. Aliniuliza kama kuna unga wa kuzuia kutafuna milango.