Siku usipocheza, nani anakulipa?

Bumu halijatoka, kwa hiyo wiki hii nimehamia maktaba, jioni natoka kula mihogo pale getini kisha narudi. Na badala ya kusoma saikolojia ya elimu nimejikuta nasoma habari za raga. Ndiyo, raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Msicheke kwanza, nina sababu na nitaifikia.

Wengi wetu huku tukisikia raga tunadhani ni moja. Kumbe ziko mbili. Ile inayochezwa Kenya, Uganda na kwenye vilabu vichache vya Arusha na Dar ni ya watu 15, na mdogo wake ni ile ya watu 7 mnayoiona kwenye Olimpiki. Halafu iko ya watu 13, ambayo nguvu yake iko kaskazini mwa England na kule Australia. Katika hii ya 13, timu yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara 6 tu, ikishindwa kufika inawapa wapinzani mpira. Ukiangushwa hakuna kurundikana chini kuugombania. Unainuka, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzio anauokota, mnaanza kugongana upya. Dakika 80 hizo.

Lakini kilichonishika si sheria, ni sababu ya hao watu kugawanyika. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli moja ya mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini vilijitoa kwenye chama cha raga. Kisa ni posho. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Siku ya mechi ukiacha kazi, mshahara unakatwa. Vilabu vikaomba viwafidie ile siku waliyopoteza. Wakubwa wa chama wakakataa, eti mchezo ni heshima, ukimlipa mtu unauchafua. Rahisi kusema hivyo kama nyumbani kwenu chakula kipo. Basi wakajitoa, wakaweka fidia isiyozidi shilingi 6 za Kiingereza kwa siku. Mwaka 1898 wakaruhusu kulipa wachezaji waziwazi, ila kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine inayoeleweka. Wale wa raga ya watu 15 walikaza shingo mpaka 1995 ndipo na wao wakakubali watu walipwe. Miaka 100 mizima!

Sasa sababu yangu. Nilipomaliza mazoezi ya kufundisha kule Mugumu, Serengeti, nilipita nyumbani Tarime kusalimia. Baba mdogo, anayekaa upande wa Sirari, akaniita pembeni. Mwanawe wa kiume kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la tatu, kapangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Dogo ana mwili, jamani. Amekua akishika plau nyuma ya ng'ombe, na akikimbia utadhani hana mzigo wowote. Likizo alivuka mpaka kwenda kwa shangazi Migori, akawakuta wanafunzi wa huko wanacheza raga, wakamwingiza. Tangu hapo hasikii la mtu. Anataka aende Nairobi akawe mchezaji wa kulipwa. Simu yake imejaa video za Waaustralia wanavyogongana, na hakujua kwamba ule anaoutazama sio mchezo uleule aliocheza Migori.

Baba mdogo ana dume moja tu analoweza kuuza bila kuharibu kilimo. Ada ya kidato cha tano shule za serikali ilishafutwa, lakini godoro, sare, nauli na makorokoro mengine havikufutwa. Akaniuliza, "Mwalimu, niuze kwa ajili ya shule au kwa ajili ya huo mpira? Na huo mpira unalipa?" Mimi ndiye msomi wa ukoo, kwa hiyo nikatakiwa nijue. Nikaomba siku mbili tatu, nikakaa na simu yangu usiku kucha.

Mtu wa kwanza niliyemtafuta ni Lucas Onyango. Mkenya huyo alichezea timu ya taifa ya Kenya, akaenda England, akahamia kwenye ile raga ya watu 13. Alikuwa winga, yaani mtu wa mbio wa pembeni, akachezea Widnes Vikings na baadaye Oldham. Oldham ulikuwa mji mkubwa wa kusokota pamba. Nikacheka peke yangu, maana Serengeti na Bunda watu wanalima pamba, na huko England watu waliosokota pamba ndio waliouanzisha mchezo wa kulipwa. Kwa hiyo dogo hajaota kitu kisichokuwepo. Njia ipo na kuna mtu wa Afrika Mashariki alishaipita.

Ila ukisoma zaidi unaona hesabu yenyewe. Juu kabisa iko Super League, ilianza 1996, na hao ndio kwa kawaida wanaishi kwa mchezo. Ukishuka madaraja ya chini wengi wana mikataba ya nusu kazi. Mchana mtu ni fundi bomba, mwalimu au dereva wa lori, jioni yuko mazoezini, mwisho wa wiki anacheza. Na ukifika miaka thelathini na kitu mwili unaanza kudai. Goti, bega, na baya zaidi kichwa. Miaka ya karibuni wachezaji wastaafu wa Uingereza wamefungua madai mahakamani, wanasema kugongwa kichwa kwa miaka mingi kumewaharibu ubongo.

Kenya nako nikaangalia, maana ndiko anakotaka kwenda. Dogo anawajua wote. Aprili 2016 Kenya walichukua kombe Singapore, fainali wakaitandika Fiji 30 kwa 7. Mwezi uliofuata, London, Collins Injera akaongoza dunia nzima kwa kufunga trai katika ule mzunguko wa mashindano ya watu 7. Kaka yake, Humphrey Kayange, alikuwa nahodha, na mwaka 2021 akachaguliwa kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Raha kusoma. Lakini angalia majina ya timu kubwa za huko: KCB ni benki, Kabras ni kampuni ya sukari. Maana yake nyuma ya mpira kuna mwajiri.

Na huku kwetu Mara tunaye wa kwetu. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, alipata medali ya fedha mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Mpaka leo Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, hiyo na ya Filbert Bayi, zote za mwaka huohuo. Nyambui alisoma na kukimbilia chuo kikuu cha Texas kule El Paso, na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Mbio zilimpa darasa, na darasa likampa mahali pa kukimbilia.

Nikamwita dogo, tukakaa chini ya mwembe. Nikamwaga yote hayo kama niko mbele ya darasa. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Kaka, wewe unasomea nini?"

"Ualimu, si unajua."

"Pale stendi kuna waendesha bodaboda wangapi waliomaliza ualimu?"

Nikawahesabu kichwani, nikafika watatu, nikaacha. Nikamwambia, "Sawa, lakini cheti hakivunjiki goti."

"Hakivunjiki, lakini hakiliwi," akajibu.

Wadau, hapo nilikosa la kusema kwa muda, maana na mimi mwakani naingia kwenye hilohilo foleni la ajira. Mwisho nikaacha kumhubiria, nikamwuliza swali moja tu lililotoka kwa wale wachimba makaa wa 1895. Siku usipocheza, nani anakulipa? Ukiteguka bega mwezi wa pili Nairobi, nani atalipa chumba? Akafikiri sana. Akasema, "Shangazi." Nikamwambia shangazi anauza dagaa, usimfanye klabu.

Tulikubaliana hivi. Dume liliuzwa mnadani, sehemu kubwa ikanunua mahitaji ya shule. Iliyobaki kaishika shangazi Migori, ni ya viatu na ya likizo, dogo akafanye mazoezi na wale vijana. Akimaliza kidato cha sita na bado anaitaka, hakuna wa kumzuia. Baba mdogo hakufurahi sana, anaona nimekata ng'ombe mmoja vipande viwili. Dogo naye hakufurahi, kwa sababu miaka miwili kwa mchezaji ni mingi, wenzake wa Kenya wanaanza wakiwa kidato cha kwanza. Ana haki. Inawezekana miaka hiyo miwili ndiyo itakayomnyima namba, na hilo nalibeba.

Jambo la mwisho kwa wenzangu wa kitivo chetu. Kule Mugumu darasani nilikuwa na vijana sita saba wa namna ya dogo. Watu wakisikia mtoto wa Kikurya ana nguvu, ushauri ni mmoja, nenda jeshini. Wengine wanaishia kuvizia mawe ya dhahabu Nyamongo. UMISSETA tunawapeleka wakacheze soka na kurusha tufe, wakirudi hakuna anayeuliza tena. Siku tukiwa walimu, mtoto akikwambia anataka kucheza kwa kulipwa usimcheke wala usimdanganye. Kaa naye mpige hesabu ya siku ambazo hatacheza, halafu mtafutieni cha kuzijaza. Wale wa Huddersfield walipigania siku moja tu ya mshahara, na mchezo mzima ukazaliwa hapo.

Haya, nakimbilia kipindi cha saa mbili, na ile saikolojia bado inanisubiri. Kama kuna mdau anafahamu klabu ya raga inayopokea vijana karibu na shule za bweni, anitafute kantini, chai nitalipia bumu likitoka.