Chandarua Kilipogeuka Wavu

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi wengi wameitumia methali hiyo kama fimbo ya pili. Aghalabu hudhaniwa kwamba katika malezi mkunjaji ni mzazi na mkunjwaji ni mtoto, na kwamba imani nayo hufuata njia hiyo hiyo, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, kama maji yateremkavyo mlimani. Lakini wako wazazi waliojifunza, tena ndani ya nyumba zao wenyewe, kwamba siku nyingine samaki anayehitaji kukunjwa ni yule aliyekwisha kukauka. Mmoja wao ni mama wa watoto wanne aishiye ukingoni mwa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, nchini Zambia.

Ziwa hilo ni mpaka kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, baada ya kupita katika mabwawa na maji ya Mofwe, karibu na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Mto Luvua hutoka kwa upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto. Watu wa kando zote mbili wameunganishwa na ndoa na biashara ya samaki, hata Kiswahili cha Katanga huvuka maji na kusikika sokoni pamoja na Kibemba. Mwaka 2017 vita viliwavusha mpaka maelfu ya watu wa ng'ambo, na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Mama huyu hakuja na msafara huo. Yeye ni mzaliwa wa Pweto aliyeolewa upande wa Zambia zamani, na nyumbani mwake sala ya jioni husaliwa kwa Kiswahili, ingawa ya kanisani husaliwa kwa Kibemba.

Ukristo nao si mgeni katika nchi hiyo. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua misheni ya Mbereshi mwaka 1900, na mwaka 1915 Mabel Shaw akaanzisha hapo shule ya bweni ya wasichana. Kwa hiyo yako majumba ambamo bibi na mama wa bibi walikuwa wakisoma Biblia. Hatari ya urithi wa namna hiyo ni kwamba maneno ya imani huweza kuzoeleka kama vyombo vya jikoni, vikatumiwa kila siku pasipo mtu kuvitazama.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Mweru na Luapula ili samaki wapate kuzaana. Wazee hawahitaji kuelezwa sababu. Zamani alikuwako samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga mayai. Watu walimtegea nyavu njiani, naye akauzwa kwa wingi, hata katika miji ya migodi ya Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale yalikwisha, na mpumbu hakurudi tena kwa wingi wake wa kwanza. Asiyengoja mayai hula siku moja akafunga miaka.

Hata hivyo, miezi hiyo mitatu si myepesi kwa mvuvi. Fedha ya samaki ndiyo hununua chumvi, sabuni na madaftari, na shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Muhogo haukosekani shambani, lakini mvua haiupi nafasi ya kukauka, na muhogo usiokauka hauwezi kusagwa. Ndipo unga hupungua chunguni, na ule ugali ambao Wabemba huuita ubwali na watu wa Katanga bukari huwa mdogo kila jioni. Kisamvu huwa ndicho kitoweo cha Jumatatu, nacho kikawa kitoweo cha Jumapili.

Katika nyumba hiyo baba ni mvuvi, tena mzee wa kanisa. Mwanzoni mwa Desemba yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya waumini akawaasa waiheshimu miezi ya kufungwa kwa ziwa, akisema kwamba subira ni sehemu ya imani. Mama naye alikuwa na njia yake ya kuivuka miezi hiyo. Alipopakua aliwagawia watoto na mume, kisha akasema kwamba yeye alikwisha kula shambani. Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema tena siku ya pili, na hatimaye maneno hayo yakawa kama amina ya chakula cha jioni. Hakuona kwamba ni uongo. Aliona kwamba ni upendo, na kwa kweli upendo ulikuwamo.

Asubuhi moja katika juma la tatu la Januari, aliamka akakuta kitanda cha kitinda mimba wake, mtoto wa miaka mitatu, kiko wazi. Chandarua hakikuwapo. Nchelenge ni mojawapo ya wilaya za Zambia zinazosumbuliwa sana na malaria, na hakuna mama wa huko asiyejua maana ya mtoto kulala bila chandarua. Alitoka uani. Hapo alimkuta kifungua mimba wake, kijana wa miaka kumi na miwili, amesimama na nguo zilizolowa. Mbele yake palikuwa na beseni, na ndani ya beseni samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, perege wachanga waliokusanywa katika matete ya ukingoni. Chandarua kilikuwa kimetundikwa juu ya ua, kimejaa matope, kimechanika mahali pawili.

Mama alikwenda kuitafuta fimbo kabla ya kutafuta neno. Aliporudi akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama."

"Hujui kwamba ziwa limefungwa? Hujui baba yako ni nani kanisani?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Kijana alitazama chini kwa muda. "Kwa sababu hukula juzi, wala jana. Ulisema umekula shambani. Nilikwenda shambani, Mama. Hapakuwa na jivu."

Fimbo ilibaki mkononi mwa mama, lakini mkono haukuinuka. Mtoto alikuwa amefanya makosa matatu kwa usiku mmoja: amevunja sheria, amechukua kisicho chake, na amemwacha mdogo wake bila kinga. Hata hivyo chanzo cha makosa yote matatu kilikuwa kile kile kilichomfanya mama aseme amekula hali hajala. Amemwiga. Alikuwa amefundishwa, jioni baada ya jioni, kwamba mtu akipenda sana huruhusiwa kuficha.

Wasomaji wa Injili ya Yohana watakumbuka mioto miwili ya makaa. Wa kwanza ulikuwa uani kwa kuhani mkuu, usiku ule Petro alipomkana Bwana wake mara tatu. Wa pili ulikuwa ukingoni mwa ziwa, asubuhi, na juu yake kulikuwa na samaki na mkate. Bwana hakuanza kwa kumwuliza Petro maswali. Aliwalisha kwanza wanafunzi wake waliolowa maji na kuchoka kwa kazi ya usiku kucha, na walipokwisha kula ndipo maswali yakaja, nayo yalikuwa mazito, yakaulizwa mara tatu. Mama alikuwa ameisikia habari hiyo tangu utoto wake Pweto. Siku hiyo aliiona uani kwake.

Aliiweka fimbo chini, akawasha moto, akapika kiporo cha unga kilichobaki pamoja na kisamvu. Wale samaki hakuwagusa. Akampakulia kijana, akajipakulia na yeye, wakala. Walipomaliza alisema, "Mimi nilikudanganya. Nilikuwa na njaa nikasema nimeshiba. Nisamehe, mwanangu." Baada ya hapo tu ndipo alipomwuliza juu ya chandarua, juu ya mdogo wake na juu ya wale samaki ambao hawatakua tena. Kijana alilia, ingawa hakuna aliyempiga.

Baba aliporudi kutoka shambani aliona beseni, akafahamu. Jambo lake la kwanza lilikuwa kufunga mlango. "Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "samaki wamekwisha kufa. Tukiwamwaga hawatafufuka. Watoto wale, na jambo hili liishie humu ndani."

"Baba watoto," mama akajibu, "lilianza humu humu ndani, kwa maneno yangu. Tukilificha leo tutakuwa tumelilea."

Mwanamume yule hakujibu upesi. Jina la mtu ni mali, na katika kijiji cha wavuvi jina la mzee wa kanisa hushinda mtumbwi. Mwishowe alilichukua beseni, akamshika mwanawe mkono, akapita njia ya sokoni mchana kweupe hadi kwa mwenyekiti wa kamati ya uvuvi ya kijiji. Alisema, "Samaki hawa wametoka nyumbani kwangu." Mwenyekiti aliwachukua wale samaki, akamwonya baba, akamwamuru kijana ashike zamu pamoja na wazee ya kulinda matete hadi mwezi wa Machi. Jumapili iliyofuata baba aliwaeleza wazee wenzake yote, akaomba apumzishwe. Kwa majuma yaliyobaki aliketi katika benchi la nyuma, pamoja na watoto wake. Wako waliocheka. Wako pia waliokuja jioni, mmoja mmoja, kukiri kwamba hata vyandarua vya kwao vilikuwa na matope.

Mama alikifua chandarua, akakishona, akakirudisha kitandani. Lakini siku ya kumi na mbili baadaye kitinda mimba alishikwa na homa. Zahanati ilimpima damu, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, na kaka yake hakutoka kando ya kitanda. Kila mtoto alipoita "Yaya!" kijana alimpa maji. Karibu na alfajiri akamwuliza mama yake, "Je, ni mimi?"

Hapo palikuwa na fimbo nyingine, nzito kuliko ile ya uani, nayo ilikuwa tayari mkononi. Mzazi angeweza kusema, "Ndiyo, tazama ulichofanya," na mtoto asingelisahau neno hilo hata uzeeni. Angeweza vile vile kusema, "La, si wewe kabisa," na huo ungekuwa ndugu ya ule uongo wa jivu. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Hakuna ajuaye ni mbu yupi wala ni wa siku gani. Mbu huuma hata jioni watoto wakiwa uani. Lakini chandarua tulikiondoa, na sasa tumekirudisha. Lililo letu ndilo hilo, nalo limesamehewa. Lililobaki ni la Mungu na la dawa. Mpe maji."

Mtoto alipona. Ingekuwa vyema kusema kwamba alipona kwa sababu wazazi walitubu, lakini wako watoto wa watu wema wasiopona, na imani isiyolijua hilo haifai kufundishwa mtu. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, yeye hakukubali kuugeuza ugonjwa kuwa hukumu. Mzazi amfanyiaye mtoto wake hivyo humfundisha Mungu asiyekuwako.

Katika nyumba nyingi mafundisho ya dini hutolewa kwa saa maalumu, baada ya vyombo kuoshwa, kwa sauti iliyobadilishwa kidogo. Hilo si baya. Lakini watoto husoma zaidi kile kisichosomwa kwa sauti: sahani ya mama, mlango ambao baba anaufunga au anaufungua, na neno linalotamkwa alfajiri mtu akiwa amechoka. Mzazi amwombaye mtoto msamaha hajishushi hadhi. Humwonyesha mtoto jinsi msamaha ulivyo, maana atauombaje kwa Baba wa mbinguni mtu ambaye hajapata kuuona duniani? Na kusubiri nako hakufundishwi kwa kujinyima kwa siri. Njaa inayogawanywa wazi huwafanya watu wa nyumba moja kuwa wamoja. Njaa inayofichwa humpeleka mtoto ziwani usiku.

Tarehe 1 Machi ziwa lilifunguliwa, na mitumbwi ikaondoka gizani. Jioni ile palikuwa na perege wakubwa katika nyumba hiyo, si wengi, lakini wa kutosha. Mama alipakua. Tangu lile juma la Januari amekuwa na desturi mpya: hujipakulia mbele ya watoto, hata kikiwa kidogo, na huketi ale pamoja nao. Kifungua mimba aliitazama sahani ya mama yake, akaona kilichomo, kisha akanawa mikono akaanza kula.