Tarehe ya Kufungua

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba shule zote, za awali hadi kidato cha sita, zinafungwa kwa siku 30. Siku moja kabla yake Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alikuwa ametangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Hapa Mtwara tulifunga mabweni bila mtu kunung'unika. Wanafunzi walikunja magodoro, wa Msangamkuu wakashuka kivukoni, wa Newala na Tandahimba wakakimbilia stendi. Wazazi walihesabu kwa vidole wakaona kwamba katikati ya Aprili watoto watarudi. Siku 30 mtu anazimudu. Anajua anunue unga kiasi gani, na nauli ya kurudi aiweke wapi isiguswe.

Tarehe 14 Aprili tukaambiwa shule zitaendelea kufungwa hadi itakapotangazwa tena. Hasira zilianzia hapo, na mimi nilizipata zote kwa kuwa ni mwalimu. Sokoni, msikitini, kwenye daladala za levo siti, yaani za kukaa tu, ambako konda alikuwa akigombana na abiria wa kusimama, swali lilikuwa moja: mwalimu, lini? Waliniuliza kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo. Nikisema sijui, walifikiri nawaficha. Mwezi mmoja nyuma, watu hao hao walikuwa wameukubali ugonjwa na katazo lake, wakaweka ndoo ya maji tiririka mlangoni, wakashona barakoa za kitenge. Ugonjwa haukuwa umebadilika. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba sasa hakuna aliyekuwa na tarehe.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka kadhaa, na siamini kwamba watu wa pwani hii hawana subira. Mvuvi wa Msimbati anasubiri bamvua. Mkulima wa korosho anapulizia salfa Juni, mnada wa kwanza unamkuta Oktoba, na katikati hapo anaishi kwa mkopo na dua. Jando na unyago vinasubiri likizo na mavuno. Hata kivuko cha gari cha Kilambo, kwenye Mto Ruvuma, kinangoja maji yajae ndipo kivuke kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, na nimewaona madereva wakilala chini ya malori yao kwa saa nyingi bila kumtukana mtu. Maji yatajaa. Kila mmoja anajua yatajaa saa ngapi.

Mwaka ule mama yangu mdogo, anayekaa Mikindani, alifiwa na mumewe wiki moja kabla ya shule kufungwa. Akakaa eda. Eda ya mjane kwa sheria yetu ni miezi minne na siku kumi, na yeye aliishika kama alivyofundishwa: hakutoka nje bila dharura, hakujipamba, hakujitia manukato. Nyuma ya mlango wa chumba chake ilikuwepo kalenda ya Kiislamu, na kila usiku baada ya Isha alikata tarehe kwa kipande cha mkaa. Nilipokwenda kumjulia hali nilimsalimu kutokea ukumbini, nikamkuta akichambua mchele huku akizungumza na wajukuu waliokuwa nyumbani kwa sababu ya shule. Watoto wale walizunguka ua mzima kama kuku waliofungiwa bandani. Wakubwa nao walishinda na redio, wakingoja neno. Mama mdogo ndiye aliyekuwa amefungwa kuliko wote mle ndani, na ndiye peke yake ambaye sikumsikia hata siku moja akiuliza lini. Shule zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Yeye alitolewa eda Julai. Aliingia kabla yetu na kutoka baada yetu, na alitoka ametulia.

Sisemi kwamba msiba ni mwepesi kuliko kufunga shule. Alilia, na usiku mwingine hakulala. Lakini tarehe ilimshika mkono. Zaidi ya hapo, alijua kwa nini amekaa ndani, na alijua kwamba hakuna mkubwa yeyote atakayekuja usiku wa kuamkia siku ya mwisho kumwambia aongeze miezi miwili.

Hilo la kuongezewa tulilishuhudia ng'ambo ya mto. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Wamakonde, uko pande zote mbili za Ruvuma. Tunao ndugu Quionga na Palma. Msumbiji walitangaza hali ya dharura kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na katiba yao inairuhusu kwa siku 30, na kuongezwa mara tatu tu. Kwa hiyo wao walipewa tarehe. Kila mwezi walipewa tarehe, na kila mwezi ilipofika ikasogezwa mbele. Nyongeza zilipokwisha, Agosti ikatangazwa upya, na ilipofika Septemba wakahamia kwenye kitu kingine, hali ya maafa ya umma, na hiyo haikuwa na mwisho uliotajwa. Binamu yangu alikuwa akipiga simu kila mwisho wa mwezi na kusema, "Dada, wametuongezea." Mwanzoni alilisema kwa uchungu. Baadaye alilisema kama mtu anayesoma bei ya sukari, na kauli hiyo ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Wakenya nao wanaijua hali hiyo. Amri yao ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, ikaongezwa na kuongezwa, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiondoa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Tarehe inayosogezwa bila maelezo humfundisha mtu kutoamini tarehe nyingine yoyote, hata ile ya kweli.

Na kwa ndugu zetu wa Msumbiji, kabla ugonjwa haujaisha, mto ukafungwa na jambo jingine. Vita vya Cabo Delgado, jimbo lao, vilikuwa vimeanza tangu Oktoba 2017. Agosti 2020 wapiganaji waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia. Oktoba wakavuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Tarehe 24 Machi 2021 wakaingia Palma. Watu waliokuwa wakiuliza ni lini watavuka kuja kumwona daktari au kuuza samaki sasa walikuwa wakiuliza ni lini watavuka ili wasife, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililalamika hadharani kwamba maelfu yao walirudishwa walipofika upande wetu. Hili siwezi kulipita kimya. Mto huu tuliurithi ukiwa njia ya harusi na misiba, na mtu aliyekuja mikono mitupu alistahili kupokelewa.

Nirudi nyumbani. Sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu wengi duniani. Rais Magufuli alikataa, akisema watu wetu wengi wanakula walichokipata siku hiyo, na mimi niliyeona mama lishe wa Mtwara wanavyoishi nilimwelewa, na hadi leo naamini hoja ile ilikuwa na uzito. Kilichoniumiza ni hesabu. Takwimu za mwisho tulizopewa mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mwezi Mei tukaambiwa vyuo na kidato cha sita wafungue tarehe 1 Juni, na Juni tukaambiwa wengine wote wafungue tarehe 29, kwa sababu ugonjwa umeondoka. Tulifurahi. Wanafunzi walirudi wakiimba kwenye magari. Lakini mwanzoni mwa 2021 tulikuwa tukizika tena, watu wakisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji, na hapo nikagundua kwamba hata kufunguliwa kunahitaji kuelezwa. Aliyefunguliwa bila kuonyeshwa ni kipi kilichoisha hajui avue barakoa au aendelee kuivaa. Chanjo zilipoanza kutolewa rasmi, tarehe 28 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya kamera, wengi mtaani kwetu walisita. Nadhani sehemu ya kusita kule ilitokana na kile kimya cha miezi mingi.

Madarasani nako kusubiri kuliacha alama. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa kidato cha tatu mwenye akili ya hesabu, alichukuliwa na mjomba wake kwenda kupulizia mikorosho huko Tandahimba. Alisema anakwenda kwa wiki chache, maadamu hakuna anayejua shule inafungua lini. Shule ilipofungua alikuwa ameshalipwa, ameshanunua simu, ameshazoea kuitwa mtu mzima. Nilimfuata. Alinisikiliza kwa adabu, mashine ya kupulizia ikiwa bado mgongoni na salfa imemtia unjano hadi kwenye kope, akasema, "Nitarudi, mwalimu." Hakurudi. Angejua tangu Aprili kwamba ni Juni, nina hakika mjomba wake angempangia kazi ya hadi Juni. Uganda shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baada ya kufungwa. Nikifikiria vijana kama huyu katika nchi nzima kwa miaka miwili, nakosa la kusema.

Tunajua kufunga vizuri, tukiamua. Songosongo kule Kilwa, na Kisiwa Panza kule Pemba, wanavijiji wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Wanaofunga ni wale wale wanaokula hasara ya kufunga. Wanakubaliana mkutanoni ni mwamba upi, mpaka wake uko wapi na siku ya kufungua ni ipi, na siku hiyo wanaume na wanawake wanashuka pamoja na mishale yao. Wapo wanaoiba usiku, sikatai. Lakini hakuna anayekaa akiuliza lini.

Na serikali nayo inajua. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, waziri alikuwa yule yule, Ummy Mwalimu. Safari hii tuliambiwa wagonjwa ni wangapi na waliofariki ni wangapi. Tuliambiwa pia kwamba hesabu ya mwisho ni siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla mtu hajaugua. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Hakuna aliyeijua tarehe hiyo mwezi Machi, wala asingeweza kuijua. Lakini kila mtu aliijua dalili ya kuitazamia, akaweza kuhesabu mwenyewe akiwa nyumbani kwake. Nilifarijika sana mwaka ule, ingawa Kagera ni mbali nasi kiasi cha kuvuka nchi nzima.

Kazini kwangu tumejaribu kuishi hivyo. Bweni la wasichana lilipopasuka bomba la maji taka ilibidi tulifunge, na fundi hakuweza kusema kazi itachukua siku ngapi hadi achimbe. Wenzangu walitaka tuandike kwamba bweni limefungwa hadi taarifa nyingine. Niliomba tuandike tofauti, mkuu wetu akakubali. Kwenye ubao wa getini tukaandika kwamba bomba limepasuka, kwamba fundi anachimba, kwamba bweni litafunguliwa maji yakipita siku tatu bila kuvuja, na kwamba Ijumaa saa nne asubuhi tutasema tulipofika, hata kama hatujafika popote. Ijumaa ile saa nne simu zilianza kuita. Mzazi wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Newala. Nilimwambia bado, fundi amekuta ufa wa pili. Akauliza, "Basi tupige tena Jumanne?" Nikamwambia Jumanne, saa nne. Akashukuru, akaniomba nimsalimie fundi.