Chupa ya Soda

Gari letu lilikuwa linanukia utamu kila tulipowasha hita. Kioo cha mbele kilifunga ukungu, na zulia la upande wa abiria likalowana. Njombe, mwezi wa Julai, bila hita? Haiwezekani. Basi Jumamosi, injini ilipopoa, tulikinga kulanti, tukafungua dashibodi, tukatoa rejeta ndogo ya hita iliyotoboka na kuweka nyingine. Skrubu tatu zilibaki. Hatujui ni za wapi.

Tulipogeuka, mwanetu wa miaka 3 alikuwa ameshika chupa ya soda tuliyotilia kulanti ile, kizibo ameshakifungua. Tuliitia humo sisi wenyewe, na mmoja wetu ni muuguzi! Ethilini glikoli iliyomo ni tamu, nayo huharibu figo, hata kuua. Chupa ilikuwa bado imejaa hadi shingoni. Hata hivyo, usiku ule tulimwamsha mara mbili.