Ikiharibika, Nani Atalipa Nauli?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zimenizonga. Leo nataka tuongee kuhusu jambo ninaloulizwa karibu kila wiki, kwa simu, kwa barua pepe, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Wewe uliyesomea kompyuta, hebu niambie, ni duka gani la mtandaoni ninaloweza kuliamini nikitaka RAM au diski?"

Watu hutarajia nitaje jina moja waende zao. Sitaji. Duka lililonihudumia vizuri mwaka jana huenda mwaka huu lina mwenyewe mwingine. Na majina yale makubwa, kama Jumia iliyoanza hapa Kenya mwaka 2013 na Kilimall iliyofuata mwaka 2014, ni masoko yenye wauzaji wengi ndani yake. Kuuliza kama Jumia inaaminika ni sawa na kuuliza kama soko la Kalundu pale Kitui linaaminika. Inategemea umesimama mbele ya kibanda cha nani. Kwa hiyo angalia jina la muuzaji lililoandikwa kwa herufi ndogo kando ya bidhaa, usiangalie jina la soko peke yake.

Badala ya jina la duka, mimi nina swali moja ambalo humuuliza kila muuzaji kabla sijatoa hata shilingi: kitu hiki kikifika kibovu, nani atalipa nauli ya kukirudisha?

Mtu wa Nairobi ataona swali hili dogo. Yeye akiuziwa RAM iliyokufa, saa ya chakula cha mchana anashuka Luthuli Avenue, anaiweka kaunta, wanazozana kidogo, anapewa nyingine. Lakini mimi naishi Kitui na mamangu yuko Makueni. Kutoka Wote hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Kitui mjini ni zaidi ya 150. Na hapo bado hujahesabu mtu wa Mutomo au Kathonzweni ambaye lazima kwanza afike mjini. Kifurushi kina nauli yake ya kuja, nauli ya kurudi, nauli ya kuja tena, na siku nzima ya kazi iliyopotea. RAM ya shilingi 1,800 inaweza kumezwa yote na barabara. Wauzaji wanajua hilo kuliko sisi. Kuna wale ambao biashara yao imesimama juu ya hesabu hiyo: mteja wa mbali hatarudi.

Nitoe mfano. Mwaka 2024 binamu yangu, mwalimu wa somo la Kompyuta katika shule moja ya kutwa huko Makueni (jina la shule naliweka kapuni), alinipigia simu. Shule ilikuwa na mashine kumi za mezani za mtumba, na sita kati yake diski zimekufa au zinakoroma kama mzee aliyelala. Wazazi walikuwa wamechanga shilingi 24,000. Mtihani wa vitendo wa KCSE, yaani karatasi ya pili, ulikuwa umebakiza wiki tano hivi. Aliyefanya somo hili anajua kwamba karatasi hiyo hutegemei kalamu. Mtahiniwa hukaa mbele ya mashine, na mashine ikigoma katikati, dakika zake zinakwenda.

Mwalimu alikuwa tayari amepata duka. SSD ya GB 256 kwa shilingi 2,100, wakati kwingine nilikuwa naona 3,500 hivi. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameshapiga hesabu na kufurahi: sita kwa shilingi 12,600, chenji inunue RAM.

"Ndugu yangu, nitume pesa leo?" akaniuliza.

"Mwalimu, nipe hadi kesho."

Usiku ule nikakaa na ile tovuti. Kila jina la tovuti lina rekodi ya siku lilipoandikishwa, na yeyote anaweza kuitafuta kupitia huduma iitwayo WHOIS, majina ya.ke yanasimamiwa na KeNIC na nayo hutafutwa hivyo hivyo. Tovuti hii ilikuwa na umri wa wiki saba. Kuwa mchanga si kosa, kila duka lina siku ya kwanza. Lakini ukurasa wa mbele ulisema wamewahudumia Wakenya tangu 2012. Kisha kulikuwa na picha ya "duka letu la Nairobi", safi kabisa, na ukutani soketi za Kimarekani za matundu mawili membamba! Sisi soketi zetu ni za pini tatu nene kama za Uingereza. Sijui ni nani Nairobi anayejenga duka la namna hiyo.

Mwalimu alikuwa ameniambia, "Lakini ina ile kufuli ya usalama." Hapa nataka niseme kidogo kwa sababu wengi wanadanganyika. Ile kufuli iliyokuwa kando ya anwani ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati ya kompyuta yako na tovuti yamefichwa njiani. Haikusema lolote kuhusu tabia ya aliye upande wa pili. Tangu Let's Encrypt waanze kutoa vyeti vya bure, mwishoni mwa 2015, mwizi naye hupata cheti kwa dakika chache. Google wenyewe waliiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwezi Septemba 2023, sababu moja ikiwa hiyo hiyo, watu walidhani kufuli ni cheti cha uaminifu.

Malipo nayo yalitakiwa yote kabla, kwa namba ya kawaida ya simu. Uzuri wa M-Pesa ni kwamba jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujakamilisha, na lililojitokeza lilikuwa la mtu, halina uhusiano wowote na duka. Ningependa kuona namba ya tili ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, na jina hilo hilo liwe kwenye risiti. Kampuni iliyosajiliwa unaweza kuitafuta kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Tili si kinga ya kila kitu, ila inaacha nyayo. Na msitegemee sana ile njia ya kutuma ujumbe kwa 456 ili mrudishiwe. Hiyo inasaidia ukikosea namba na uwahi. Aliyekusudia kula pesa huzitoa kabla hujamaliza kuandika.

Asubuhi nikapiga simu kama mteja. Nayaandika mazungumzo kama nilivyoyashika:

"Bosi, nikiipata mbovu?"

"Hizi haziwezi kuwa mbovu, bosi yangu."

"Na ikiwa?"

"Utaleta tu."

"Nilete wapi?"

"Utatupigia, tutakuelekeza."

Nikamwambia Mwalimu hapana. Sisemi wale ni wezi. Hatukununua, kwa hiyo sina ushahidi. Lakini duka lisiloweza kukuambia pa kurudisha kitu limeshakujibu swali la nauli.

Msidhani nilipigiwa makofi. Naibu alisema kijana wa Kitui anachelewesha shule, na Mwalimu ndiye aliyekuwa katikati akipokea maneno. Mzazi mmoja, nikaambiwa, alileta mchango wake kwa noti za shilingi mia baada ya kuuza ndengu. Pesa ya namna hiyo ikipotea, mwalimu wa somo ndiye atakayeelezea mbele ya mkutano wa wazazi, wala si mimi.

Tukampata muuzaji mwingine, ghali zaidi, shilingi 3,400 kila moja. Kilichonivutia ni kwamba kabla hajataja bei aliuliza, "Mashine ni modeli gani?" Hiyo ni dalili nzuri sana. Vipuri si sukari. Kwa RAM za laptopu, kwa mfano, kuna DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35, zinafanana kwa macho na zinaingia tundu moja, ila laptopu nyingi za Intel kizazi cha nne zinataka ile ya 1.35. Muuzaji asiyeuliza atakutumia yoyote, kisha atakwambia uliagiza vibaya, na nauli itakuwa juu yako. (Kabla ya kuagiza fungua CPU-Z kama unatumia Windows, au kwenye Linux andika dmidecode -t memory, uone uliyo nayo.)

Nikamuuliza lile swali langu. Akajibu bila kusita: wiki mbili za kwanza duka linalipa kwenda na kurudi, baada ya hapo, hadi mwaka uishe, mteja analipa kuileta na duka linalipa kuirudisha. Nikamwomba ayaandike hayo kwenye ankara pamoja na namba ya siri ya kila diski. Akaandika. Risiti ilikuwa ya eTIMS, ile yenye msimbo wa mraba ambao ukiuskani unathibitisha kwa KRA kwamba mauzo yameripotiwa. Jambo hilo la mwisho watu hulidharau, lakini anayetoa risiti halisi ya kodi ni mtu anayepatikana.

Hata hivyo tulinunua moja kwanza. Naibu alikasirika tena, maana ilitugharimu nauli ya ziada na siku tisa. Mimi bado naona ilifaa. Diski moja inakuonyesha mengi: imefungwaje, imefika lini, na je, ndani ni kile kilichoandikwa nje? Kuna diski za bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kumbe ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Unaponakili faili zinaonekana zimeingia, kumbe zinaandikwa juu ya nyingine. Kwa Linux kuna programu iitwayo F3: f3write inajaza diski yote, f3read inasoma kuona kama kilichoandikwa kimebaki. Kwa Windows kuna H2testw. Jaribu diski ikiwa tupu, na ufanye hivyo siku ile ile inapofika.

Ya kwanza ikafaulu. Tukaagiza tano. Nne zilikuwa sawa. Ya tano, smartctl ilionyesha saa 9,214 za kuwaka. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa, na iliuzwa kama mpya. Nikapiga picha ya skrini na ya namba ya siri, nikamtumia muuzaji. Alinyamaza kama saa mbili, kisha akaandika: "Nimeiona. Iweke kwa matatu, nauli nitalipa nikipokea." Akalipa. Iliyobadilishwa ilifika mtihani ukiwa umeshafanywa, kwa mashine tisa, kwa zamu. Naibu hajanisamehe kabisa kwa hiyo ya kumi :-)

Kwa hiyo hata duka zuri hutoa kitu kibaya, na wakati mwingine lenyewe limeuziwa. Mnakumbuka sakata la mwaka 2025? Wanahabari wa Heise kule Ujerumani waligundua diski kuu za Seagate za seva zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hesabu ya SMART ikiwa imefutwa hadi sufuri. Baadhi ya maduka yaliyoziuza yalikuwa ya kuheshimika. Kilichozifichua ni rekodi nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo matoleo mapya ya smartctl yanaweza kuisoma kwenye Seagate kwa smartctl -l farm. Bei zinapopanda vishawishi kama hivyo huongezeka, na bei za RAM zilipanda vibaya duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye seva za akili mnemba.

Kuhusu kile kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", ambacho siku hizi kimehamia hadi kwenye tovuti: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki hiyo haifutwi na karatasi ya ukutani. Tangu 2021 kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Ila kwa RAM moja sidhani utakwenda huko. Ninalitaja kwa sababu muuzaji anayejua kwamba unalijua huongea nawe tofauti.

Kuna kitu kimoja ambacho hata kwa muuzaji yule wa 3,400 siagizi mtandaoni: betri ya laptopu. RAM naipima usiku mmoja kwa Memtest86+, diski naipima kwa F3, lakini betri mbovu inaweza kukaa vizuri miezi miwili, wiki zote mbili za nauli ya bure zikiwa zimeisha zamani. Hiyo nasubiri nikiwa na safari ya Nairobi, nakwenda na laptopu yenyewe, naiweka kaunta.