Siku Baba Alipokimbia Marathoni

Muhula huu Mkuu wa Shule alinipa ruhusa ya kwenda nyumbani Moshi kwa siku tatu, na wenzangu wa bweni hawajaacha kuniuliza nilikwenda kufanya nini. Wengine walidhani tuna msiba. Hapakuwa na msiba. Baba yangu, ambaye ni seremala mwenye umri wa miaka 51, alikuwa amejiandikisha kukimbia marathoni ya Kilimanjaro, ile nzima ya kilomita 42 na mita 195, nami nilitakiwa nikampige picha.

Lazima nieleze kwa nini picha zilikuwa jambo kubwa namna hiyo. Tangu tukiwa wadogo Baba hutuambia kwamba alipokuwa shuleni hakuna aliyemshinda kwa mbio. Mafundi wenzake humcheka. Mmoja wao husema, "Akhwari alikuwa wa mwisho kule Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, nasi sote twamjua kwa kuwa alipigwa picha. Wewe ulikuwa wa kwanza, mbona hatujaona hata moja?" Baba hunyamaza akaendelea kupiga randa. Basi Mjomba aliponiletea kamera ndogo mpya kutoka Dar es Salaam, ile ya kuingia katika mfuko wa shati, Baba aliishika, akaigeuzageuza, akanirudishia. Akasema, "Kamera ni yako, lakini siku ya mbio ni yangu."

Kamera ya namna hii si kitu cha kubonyeza ovyo. Ukikandamiza kitufe mara moja mpaka chini, kwanza yenyewe hutafuta kitu cha kukiona sawasawa, ndipo ipige, na katika kutafuta huko huweza kupoteza nusu sekunde. Kwa bibi arusi aliyekaa kitini si neno. Lakini mtu anayekimbia kilomita 10 kwa saa huenda karibu mita 3 kila sekunde, kwa hiyo kamera ikizinduka amekwisha kupita kwa hatua nzima na zaidi. Nilijifunza hayo kwa kuku wetu, nami ninazo picha nyingi za mikia yao. Dawa yake ni kuielekeza kamera mapema mahali ambapo mkimbiaji atapita, kubonyeza nusu tu, na kungoja na kidole papo hapo. Akifika unamalizia.

Siku yenyewe tulifika alfajiri katika Chuo Kikuu cha Ushirika, mahali pa kuanzia. Hapo sikupata kitu ila visogo vya watu. Wakimbiaji wa marathoni nzima hutoka kwanza kwa barabara ya Dar es Salaam, hugeuka wakarudi mjini, kisha hupanda kwenda Mweka kati ya migomba na kahawa, na mwisho hushuka. Nilimngoja Baba kando ya barabara ya Dar es Salaam, nikampata vizuri ajabu: miguu yote miwili iko hewani, na uso unacheka. Niliitazama picha ile labda mara sita. Kisha nikapanda bodaboda kwa njia za ndani hadi barabara ya Mweka.

Nilikaa sana. Washindi walikwisha kupita zamani, na jua lilikuwa kali. Hatimaye nilimwona Baba akija kwa miguu, mkono kiunoni, fulana ina chumvi, naye anauburuta mguu wa kushoto. Nikainua kamera kama nilivyoagizwa. Papo hapo akaanza kukimbia! Alikimbia kama hatua thelathini, akanipita, nami nikapiga picha tatu. Nilipoishusha kamera alikuwa amesimama, ameshika mti, anahema.

Nami kwa ujinga nikatangulia mbele, nikageuka, nikainua tena. Akakimbia tena. Safari hii msuli ulimkaza akaenda chini kwa magoti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kila nilipoinua kamera ile nilikuwa ninampiga kiboko.

Niliitia mfukoni nikafunga kifungo. Alipoinuka aliniuliza, "Mbona hupigi?"

"Betri imekwisha, Baba."

Alinitazama kitambo. Usiku uliopita ni yeye mwenyewe aliyeitia betri ile umeme, akaamka mara mbili kuiangalia. Akasema, "Haya," akaanza kutembea. Tulikwenda hivyo, yeye juu ya lami nami juu ya majani, bila maneno. Barabara ilipoanza kuteremka alijaribu mguu, akajaribu tena, akaniacha.

Nilimkuta mwisho wa mbio, au niseme nilimtangulia kidogo kwa bodaboda. Nilijificha nyuma ya watu asinione. Mwezi wa Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, ikabidi picha itazamwe ndipo ijulikane nani mshindi. Baba hakuhitaji uamuzi huo. Mbele yake hapakuwa na mtu, na nyuma yake alikuwapo mzee mmoja tu, mbali sana. Saa yangu ilihesabu saa 5 na dakika 48. Nilibonyeza nusu, nikangoja, nikamalizia.

Usiku tulipokuwa tukizitazama, Mama aliipenda ile ya barabara ya Dar es Salaam. Baba akaikataa. "Hapo nilikuwa sijaanza bado," akasema. Zile tatu za Mweka nilikuwa nimekwisha kuzifuta, wala hakuziulizia. Ilipokuja ile ya mwisho aliishika kamera kwa mikono miwili.

"Betri ilipona lini?" akauliza.

Sikujibu. Sasa picha hiyo imepigwa misumari ukutani karakanani, na nasikia mafundi wanabishana kila siku kama yule ni Baba kweli, maana mwavuli wa mama mmoja umemfunika nusu ya uso.