Mimi Nani?

Nilipokuwa mdogo, huko Bigwa, bibi yangu hakumfungulia mlango mtu aliyejibu "Ni mimi." Unapiga hodi, anauliza "Nani?", unasema "Mimi," naye kutoka ndani: "Mimi nani? Mimi hana jina?" Unasimama gizani mpaka utaje jina lako, na la mama yako pia kama bado ana shaka, maana kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama.

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 28, nimestaafu, na sasa kila Jumamosi, barazani kwangu Kilakala, nauliza swali lile lile la bibi. Wanaoulizwa ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanaotaka kuomba vyuo vya Marekani. Vyuo hivyo vinadai insha binafsi. Waombaji wengi hupitia mfumo mmoja uitwao Common Application, na humo insha haipungui maneno 250 wala haizidi 650. Haikuulizi habari za kemia wala za Azimio la Arusha. Inakuuliza wewe ni nani. Nimemwona kijana mwenye divisheni wani ya pointi 3, ambayo hakuna ya juu yake kidato cha sita, akiikodolea macho karatasi saa nzima, kisha akaomba maji ya kunywa.

Simlaumu. Mwombaji wa SUA au wa Mzumbe, vyuo viwili tunavyoviona kwa macho hapa chini ya milima ya Uluguru, hatakiwi kujieleza. Zinatakiwa alama zake za kidato cha sita, mfumo unazipanga, basi. Utaratibu huo una haki yake, kwa sababu haumpendelei mwenye kalamu tamu. Na kabla ya hapo, shuleni, mtoto huyu amefanya mitihani ya Baraza la Mitihani akikatazwa kuandika jina. Anaandika namba. Nayo ni sheria nzuri, inamzuia msahihishaji kumtambua mtahiniwa. Kisha akatoka kwenye mtihani akapelekwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akanyolewa, akafundishwa kukimbia na kuimba kwa sauti moja na wenzake mia kadhaa. Sasa mimi namkalisha kwenye mkeka na kumwambia: haya, jitenge, sema "mimi".

Rasimu za kwanza nazijua kabla sijazisoma. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20, mchapakazi, mwaminifu, niko tayari kufanya kazi mahali popote." Hiyo ni barua ya kuomba kazi, inapatikana steshenari yoyote pale Msamvu, unabadilishiwa jina tu. "Mimi" hujitokeza mara hiyo moja, akatoa salamu, akapotea. Baada yake mambo yanajifanya yenyewe: maji yalichotwa, mbuzi walilishwa, changamoto zilitatuliwa. Mmoja aliniandikia kwamba shuleni kwao "bustani ilianzishwa". Nikamuuliza na nani. Akainamisha kichwa: "Na mimi, mwalimu."

Kwa nini hukuandika hivyo? Jibu lake ndilo jibu la wote: watasema najimwambafai. Tumewalea na chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na tumewalea vizuri. Mtu wa mimi, mimi, mimi hapendwi hata kwenye kahawa. Juu yake kuna mwalimu fulani, tena huenda ni mimi mwenyewe miaka ile, aliyewaambia kwamba insha ya heshima haina "I".

Hapo lugha nayo ina mkono wake. Kwa Kiswahili mtu akisema "nilichota", yeye mwenyewe, wakati na tendo vyote vimo ndani ya neno moja, na ile "ni-" haimgongi mtu. Kwa Kiingereza "I" inasimama peke yake, tena kwa herufi kubwa, kama nguzo ya umeme. Kijana akiona nguzo sita ndani ya aya moja, anaona aibu, anaanza kuzing'oa. Kwa hiyo mimi nawaandikisha kwanza kwa Kiswahili, kwa mkono, asubuhi moja tu ya maisha yao. Wazazi wengine hununa: wamemleta mtoto kwa Kiingereza, mwalimu anampa Kiswahili! Lakini kwenye Kiswahili hawajifichi. Tukija kutafsiri, nguzo zinarudi zenyewe, na kila moja ina waya wake.

Si kila anayejificha huacha mambo yajifanye yenyewe. Kijana mmoja wa upande wa Matombo alijificha nyuma ya historia. Insha yake ilianza mwaka 1955, Waluguru walipogoma kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Aya tatu, zote sahihi. Nikamuuliza, "Wewe 1955 ulikuwepo?" Akacheka. Nikamuuliza tena, "Matuta yanakuhusu nini?" Kimya kirefu. Kisha akasimulia kwamba likizo ya kidato cha tano alichimba matuta mawili kwenye kipande cha chini cha shamba, udongo ulikuwa unateremka mtoni kila mvua ikinyesha. Bibi yake hakumsemesha kwa siku nne. Kwa bibi huyo tuta la ngazi si kilimo, ni amri ya mzungu. Mjukuu alikuwa amesoma mmomonyoko wa udongo kitabuni, bibi alikuwa ameupokea ugomvi wa wazazi wake.

"Na ulifanyaje?"

"Nililibomoa moja, nikaliacha moja."

Nilimwambia afute yote, aanzie hapo. Mwaka 1955 ulibaki, sentensi moja, mahali unapohitajika: kueleza kwa nini bibi alinyamaza.

Nikafikiri basi, dawa nimeipata. Ndipo akaja binti wa Mgeta akanifundisha.

Kwao wanafuga mbuzi wa maziwa, wale wenye asili ya Norway walioletwa Mgeta kupitia SUA miaka ya 1980. Rasimu yake ilikuwa "tu" mwanzo mpaka mwisho: tuliamka, tulikamua, tuliuza. Tulipoitafsiri kwa Kiingereza, nikachukua kalamu nyekundu, nikabadilisha kila "we" kuwa "I". Nilijiona fundi. Nikampa aisome kwa sauti. Alifika aya ya pili akasimama.

"Mwalimu, samahani. Huu ni uongo. Kukamua anakamua mama mdogo. Na hapa umeandika shamba langu. Shamba ni la ukoo. Mjomba akisikia nimeliita langu, nitaanzia wapi kumjibu?"

Nikamuuliza kwa adabu kuliko nilivyowahi kumuuliza mwanafunzi: wewe ulifanya nini?

Alikuwa mwandishi. Alikuwa na daftari la mistari, kila jioni aliandika mbuzi gani ametoa maziwa kiasi gani na nani amekopa. Kwa daftari hilo aligundua kwamba mbuzi anayependwa na nyumba nzima ndiye anayekula kuliko wote na kukamuliwa kidogo kuliko wote. Alisema auzwe. Hakuna aliyemsikiliza. Alirudia mwezi uliofuata, na namba zake mkononi, mpaka mbuzi akauzwa, na binti mwenyewe akalia siku ya kuuzwa.

Tuliiandika upya. Kwenye jembe na kwenye chuchu ya mbuzi ilibaki "sisi", kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Mimi" iliingia pale penye daftari, na pale penye machozi. Ilitokea mara chache sana, na kila ilipotokea uliiona. Vyuo viwili vilimkataa, kimoja kilimpokea. Kalamu nyekundu sijaishika tena. Naandika kwa penseli, tena pembeni.

Siku hizi wapo wanaokuja na insha iliyoandikwa na simu. Kiingereza safi, "I" zimejaa tele, na ukigonga ndani hakuna anayeitika. Mmoja alikuwa na kumbukumbu ya theluji. Kazaliwa Kinole, kwenye ndizi na mdalasini. Nilimrudishia simu yake, nikampa daftari. Hakurudi. Ni haki yake.

Walimu wenzangu mlio bado kazini, naomba jambo moja: mpeni kila mtoto insha moja kwa muhula isiyokuwa na alama, inayoanza kwa "ni-", juu ya jambo alilolifanya yeye. Msimsubirishe mpaka aje kwangu na miaka 20.

Na wewe kijana, dirisha la Common Application hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na vyuo vingi hufunga mwanzoni mwa Januari. Anayeshindwa ada ya maombi anaweza kuomba msamaha wa ada, usikubali dalali akutoze pesa kwa hilo. Mimi nipo Jumamosi, kuanzia saa nne. Njoo na daftari na kalamu. Ukipiga hodi, taja jina.